Chumba cha Asiyezama

Mfaume alikunjua karatasi mezani, kwetu Newala,
akaichora Mtwara kwa kalamu ya kusahihishia:
hapa Shangani, hapa Mikindani, hapa Msimbati,
na alama nyekundu palipo na matumbawe.
"Siku sita," akasema. "Tulale wapi?"
Nassoro akaigonga ile alama kwa kijiko.
Sijaona alishavaa miwani ya kuzamia,
akawa anakula wali nayo.

Nikauliza: na mimi mchana nitakuwa wapi?

Wakatazamana.
"Mama, wewe utapumzika."

Neno hilo nalijua. Mwaka jana nilipumzika
juu ya kanga, nimezungukwa na viatu vya watu wanne,
simu nne, funguo, taulo mbichi,
nahesabu vichwa juu ya maji:
kimoja, viwili, vitatu, cha nne kiko wapi?
Kutwa nzima ya mapumziko,
nikarudi hoi kuliko waliozama.

Si kwamba maji nayachukia.
Nimezaliwa huku juu, ambako maji yalikuwa ya kichwani:
ngata, ndoo, mteremko, kisha mlima uleule.
Tone lililomwagika lilikuwa na mtu wa kulililia.
Nani angenifundisha kuingia mzima mzima
ndani ya kitu tulichogawiana kwa kikombe?

Basi tukapima.

Ruvula, banda la makuti: ukifungua mlango unakanyaga povu.
Kwao raha. Kwangu mchanga kitandani, mchanga kwenye chai,
taa ya jua inayosinzia saa tatu,
na duka la kusimuliwa tu.

Shangani, gesti yenye feni. Soko lipo, fundi cherehani yupo,
korosho za moto zinauzwa kona.
Ila wao waamke saa kumi alfajiri, gari la kukodi,
warudi giza limeingia, chumvi kwenye kope,
na mimi nimekula na feni.

Wifi yangu Somoe akaitaja Mikindani: kuna milango ya nakshi.
Nikamwambia milango siku moja inatosha,
siku ya pili nitaanza kubisha hodi.

Usiku Mfaume akanigeukia.
"Hasa hasa, wewe unataka nini?"
Miaka kumi na tisa ya ndoa!
"Dirisha," nikasema. "Linaloona watu, si maji.
Na mahali pa kwenda kwa miguu, nirudi nikitaka.
Na kila mtu alinde viatu vyake."

Tukapata Msimbati kijijini, mbali na ufuko:
vyumba viwili kwa Bi Nambole, nyuma ya mashine ya kusaga,
dakika ishirini hadi majini, mwendo wa asiye na haraka.
Nassoro alinuna mpaka tukapita Madimba.

Siku ya kwanza nilijifunza kusuka ukili. Ukapinda.
Siku ya pili nikajua nani anamdai nani pale mashineni.
Jioni wakarudi na njaa, wote wanaongea kwa pamoja.
Sijaona kaona kasa, kaona samaki wa milia,
kaona pweza shimoni. Wote wanne waliona pweza huyohuyo,
wakagombania rangi yake hadi ikaisha.
Kimya.
"Mama, na wewe?"
Nikamega mkate wa kumimina,
nikaanza na mbuzi aliyekula daftari la madeni.

Siku ya nne Mfaume alirudi saa tano asubuhi,
sikio limemuuma, kalizibia pamba.
Akakaa barazani kama mzigo uliokosa mwenyewe.
Akasimama. Akakaa. Akauliza kama simu inashika.
Mtu anayeshuka mita kumi na mbili bila kutetemeka
hajui kukaa kwenye kigoda nusu saa.

Nikamsogezea ungo wa choroko.
"Chambua mawe," nikamwambia.
"Na upumue polepole.
Si ndivyo mlivyofundishwa?"